Walinunua Treni Zilezile: Calgary, Edmonton na Swali la Arusha

Katika jimbo la Alberta, magharibi mwa Kanada, Calgary na Edmonton ni mahasimu wa miaka mingi. Edmonton ndiyo makao makuu ya jimbo, Calgary ndiko yaliko makao ya kampuni kubwa za mafuta. Kila mji una timu yake ya mpira wa magongo wa barafuni, Oilers kwa Edmonton na Flames kwa Calgary, na siku timu hizo zinapokutana hakuna anayekaa katikati. Sisi wa Arusha na Moshi hatuhitaji kuelezwa sana habari za ushindani wa namna hiyo. Reli ilifika Moshi mwaka 1911, Arusha ikasubiri hadi 1929, na ukikaa na wazee wa Moshi jambo hilo watakukumbusha kabla chai haijapoa. Wa Arusha nao watajibu kwa utalii na makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mazungumzo yataendelea hadi jioni.

Nimekuwa nikifuatilia habari za reli za mijini kwa muda mrefu, na kati ya miji yote inayoshindana kwa treni, hii miwili ya Alberta ndiyo inayonifundisha zaidi, kwa sababu ni kama jaribio lililofanywa kwa makusudi. Mwaka 1981, wakati miji yote miwili ilikuwa tayari na reli nyepesi, sensa ya Kanada ilihesabu watu wapatao 593,000 Calgary na 532,000 Edmonton. Sensa yetu ya mwaka 2022 ilihesabu watu 617,631 katika Jiji la Arusha. Kwa hiyo tunazungumzia miji iliyoanza safari hii ikiwa na ukubwa wa Arusha ya leo, bila kuwa London wala Paris. Tena miji hiyo miwili ilikuwa chini ya serikali moja ya jimbo, ilipata fedha kutokana na mafuta yaleyale, ilipigwa na baridi ileile, na ilinunua treni zilezile: mabehewa ya Siemens-Duewag ya aina ya U2, yaliyobuniwa kwa ajili ya mji wa Frankfurt huko Ujerumani. Walichotofautiana ni maamuzi, na maamuzi hayo yanaonekana hadi leo katika idadi ya watu wanaopanda.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuiona, reli nyepesi ni treni ya umeme inayochota umeme kutoka kwenye waya wa juu, yenye mabehewa mafupi na mepesi kuliko ya treni ya masafa marefu. Inaweza kupita katikati ya barabara za mji na kusimama kwenye taa pamoja na mabasi, kisha ikatoka nje ya mji na kukimbia kwenye njia yake yenyewe. Uwezo huo wa kuishi kotekote ndio thamani yake kubwa, na ndipo miji hii miwili ilipoachana.

Edmonton ilitangulia. Tarehe 22 Aprili 1978 ilifungua njia yenye kilomita zipatazo 7 na vituo 5, miezi michache kabla ya Michezo ya Jumuiya ya Madola iliyofanyika hapo mwezi Agosti, na uwanja mkuu wa michezo hiyo ulipewa kituo chake. Ulikuwa mji wa kwanza wa Amerika Kaskazini wenye watu chini ya milioni moja kujenga reli nyepesi ya kisasa, na walistahili kujivunia. Lakini katikati ya mji waliamua kuipitisha treni chini ya ardhi. Sababu zao hazikuwa za kipuuzi: majira ya baridi Alberta joto hushuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri, abiria wa chini ya ardhi hapigwi na upepo, treni haisimami kwenye taa, na wenye magari hawanyang'anywi barabara. Tatizo la handaki ni bei yake na muda wake. Kila kituo kipya cha katikati ya mji kilimaanisha kuchimba tena, kutafuta fedha tena na kungoja tena. Vituo viwili vilivyofuata vya chini ya ardhi vilifunguliwa 1983, kingine kikaja 1989, na Chuo Kikuu cha Alberta, ambacho kila mtu alijua tangu mwanzo kwamba kina maelfu ya wanafunzi wanaohitaji usafiri, kilifikiwa mwaka 1992, miaka 14 baada ya uzinduzi. Baada ya hapo kituo kilichofuata upande huo wa mto unaoukata mji kikafunguliwa 2006.

Calgary ilianza tarehe 25 Mei 1981, miaka mitatu nyuma ya hasimu wake. Wao walikataa handaki. Walichukua barabara moja ya katikati ya mji, 7 Avenue, wakawaondoa wenye magari binafsi, wakawaachia treni, mabasi na magari ya dharura peke yao. Katika kipande hicho cha katikati abiria hupanda bila kulipa, desturi iliyokuwapo tangu mwanzo. Treni husimama kwenye taa, hutambaa kwa mwendo wa basi, na abiria husubiri nje kwenye baridi, ingawa majengo mengi ya katikati ya Calgary yameunganishwa kwa madaraja ya waenda kwa miguu yaliyofunikwa, ambayo hupita juu ya barabara. Kwa macho ya mhandisi anayependa kazi iliyonyooka, hii ni njia yenye kasoro. Lakini fedha ambazo zingeishia katika handaki zilikwenda kwenye urefu. Njia ya kaskazini-mashariki ilifunguliwa 1985, ikipita katikati ya barabara kubwa. Ya kaskazini-magharibi ilifika Chuo Kikuu cha Calgary mwaka 1987, kabla ya Olimpiki ya majira ya baridi ya Februari 1988. Kwa hiyo mji ulioanza nyuma kwa miaka mitatu uliwafikia wanafunzi wake miaka mitano kabla ya mwenzake, na hilo ndilo jambo ninalolirudia kila ninapozungumza na mtu anayeamini kwamba treni nzuri ni ile iliyojengwa kwa gharama kubwa.

Sasa tuje kwenye abiria. Kabla ya janga la UVIKO-19, reli ya Calgary ilikuwa na kilomita karibu 60 na vituo 45, na watu walipanda mara zipatazo 300,000 kila siku ya kazi. Edmonton ilikuwa na kilomita 24 na zaidi kidogo ya mara 100,000. Mashabiki wa Calgary hutamka tarakimu hizo mbili na kuishia hapo, kana kwamba wamefunga mabao matatu kwa moja. Mimi naona wanaharakisha.

Kwanza, kinachohesabiwa ni kupanda, na mtu hatambulikani. Mama anayepanda asubuhi na kurudi jioni amehesabiwa mara mbili, na akibadilisha treni katikati ya safari anahesabiwa mara nne. Calgary, yenye kipande cha bure katikati ya mji, inawahesabu pia watu wanaopanda kwenda mtaa wa tatu kula chakula cha mchana, watu ambao katika mji mwingine wangetembea kwa miguu. Pili, ukigawanya abiria kwa kilomita, Calgary inapata takriban 5,000 kwa kila kilomita na Edmonton takriban 4,500. Tofauti imekuwa ndogo mno. Maana yake ni kwamba njia ya Edmonton haikuwa mbaya; pale ilipopita, watu waliipanda karibu sawasawa na wenzao wa Calgary. Ilichokosa ni kupita kwenye sehemu nyingi zaidi. Handaki halikuwafukuza abiria waliokuwa wakifikiwa na treni. Liliwanyima treni wale waliokuwa mbali zaidi, na hao hawaonekani katika hesabu yoyote kwa sababu hawakuwahi kupanda.

Huo ndio uzito wa jambo zima kwangu. Tunapolinganisha miji tunawatazama waliomo ndani ya treni, ilhali gharama ya uamuzi mbaya hubebwa na waliobaki mahali ambapo kituo hakikujengwa.

Kuna mambo mengine mawili yaliyoijaza treni ya Calgary ambayo hayahusiani na reli yenyewe. Ofisi nyingi za mji ule, hasa za kampuni za mafuta, zimejazana katika eneo dogo la katikati, na halmashauri kwa miaka mingi ilizuia idadi ya nafasi za kuegesha magari hapo. Wakati fulani tafiti za bei za maegesho ziliiweka Calgary karibu na New York, mji wenye watu mara nyingi zaidi. Barabara za kasi za kupenya hadi katikati ya mji pia zilipingwa na wananchi na hazikujengwa. Mfanyakazi wa ofisini alikuwa na gari zuri, lakini kuliegesha siku nzima kulimgharimu fedha nyingi, wakati treni ilipita mbele ya ofisi yake kila baada ya dakika chache. Jambo la pili ni mabasi: njia za mabasi ya mitaani zilipangwa upya ili zimwage abiria kwenye vituo vya treni badala ya kushindana nazo hadi katikati ya mji. Nguvu hiyo hiyo ina udhaifu wake, kwa kuwa bei ya mafuta ilipoporomoka na ofisi zikapunguza watu, abiria walipungua, na ofisi zilipofungwa wakati wa janga, treni zilibaki karibu tupu. Reli iliyojengwa kwa ajili ya mtu wa ofisini peke yake huumwa siku ofisi inapoumwa.

Tena Calgary nayo haikubaki na busara yake siku zote. Mwaka 2015 ilitangazwa njia mpya, Green Line, ambayo ilitarajiwa kuwa na kilomita 46 kwa takriban dola bilioni 4.6 za Kanada. Kufikia mwaka 2024 kipande cha kwanza kilikuwa kimefupishwa hadi kilomita kama 10 kwa dola bilioni 6.2, na moja ya sababu kubwa za gharama hizo ilikuwa handaki la katikati ya mji. Serikali ya jimbo ikaondoa fedha zake, mabishano makali yakafuata, na mpango ukarekebishwa ili treni ipite juu ya barabara kwa nguzo. Ni mji uleule uliowashinda jirani zake kwa kukataa handaki miaka arobaini iliyotangulia. Edmonton kwa upande wake ilifungua njia mpya ya kusini-mashariki mnamo Novemba 2023, ikiwa imechelewa karibu miaka mitatu, yenye mabehewa ya sakafu ya chini yanayopita sehemu kubwa barabarani. Mahasimu wamebadilishana nguo.

Marekani wana jozi yao, Dallas na Houston katika jimbo la Texas, nami nitaipitia haraka kwa sababu somo lake ni moja tu. Dallas ilianza 1996 na leo ina karibu kilomita 150, mtandao ambao kwa miaka mingi ulikuwa mrefu kuliko wote wa reli nyepesi nchini humo. Houston ilianza tarehe 1 Januari 2004 na haijafikisha kilomita 40. Hata hivyo, kabla ya janga, kila kilomita ya Houston ilibeba abiria zaidi ya mara mbili ya kilomita ya Dallas. Dallas ilitumia kwa sehemu kubwa njia za reli za zamani za mizigo, ambazo zilikuwa rahisi kuzipata lakini zilipita penye maghala na viwanja vitupu. Houston iliipitisha treni yake ya kwanza kwenye Main Street, kuanzia katikati ya mji, kupitia makumbusho na chuo kikuu, hadi kwenye mkusanyiko mkubwa wa hospitali ambako maelfu ya watu huingia kazini kila zamu. Urefu wa reli ni kitu cha kupendeza kwenye ramani, lakini abiria hupatikana pale penye watu.

Karibu na kwetu yupo Addis Ababa, na huyu anastahili kutazamwa kwa makini zaidi ya wote, kwa sababu hali yake inafanana na yetu kuliko ya Calgary. Septemba 2015 ulianza kufunguliwa mfumo wa njia mbili zenye jumla ya kilomita takriban 34 na vituo 39, wa kwanza wa aina hiyo kusini mwa Sahara nje ya Afrika Kusini. Ulijengwa na kampuni ya Kichina, na asilimia 85 ya fedha ulikuwa mkopo wa benki ya Exim ya China. Ilinunua treni 41. Siku za mwanzo watu walijaa hadi milangoni, nauli ilikuwa ndogo sana, na sisi wengine tuliokuwa tukisoma habari hizo tuliamini kwamba Afrika Mashariki imepata jibu.

Kilichofuata si kwamba abiria walikosekana. Treni ndizo zilizokosekana. Vipuri vilihitaji fedha za kigeni, na fedha za kigeni zilikuwa adimu. Gurudumu au kifaa cha umeme kikichakaa, treni nzima ilisimama karakana, kisha zilizosimama zikaanza kutolewa vipuri ili kuziokoa zinazotembea. Zaidi ya nusu ya treni zile 41 ziliishia kusimama. Abiria aliyezoea kungoja dakika chache akaanza kungoja muda mrefu, na zilizokuja zilikuwa zimeshajaa. Kulikuwa na tatizo jingine la ujenzi: sehemu ndefu za reli ziliwekwa ndani ya uzio katikati ya barabara, zikaugawa mji vipande viwili, na mtu aliyekuwa akivuka barabara kwenda dukani akalazimika kuzunguka mbali. Hesabu ya abiria ikishuka katika hali hiyo, kosa si la wananchi wa Addis Ababa kutopenda treni. Dar es Salaam, iliyochagua mabasi yaendayo haraka na kuyaanzisha mwaka 2016, imekumbana na ugonjwa huohuo kwa sura ya basi: njia ipo, vituo vipo, abiria wamejaa, lakini mabasi yanayotembea hayatoshi. Mtu anayebishana kama tulete treni au basi bila kuuliza nani atanunua vipuri mwaka wa saba, anabishana nusu tu ya jambo.

Nikirudi Arusha, ninayoyasema hapa nayaona kila siku ya kazi. Simama stendi ya vifodi, yaani daladala zetu ndogo, ya Kilombero saa kumi na mbili na nusu jioni, upande wa magari ya Kwa Mrombo. Hiace imeegeshwa, injini imezimwa, ndani kuna watu kumi na mmoja, na konda amesimama mlangoni akipiga bati kwa kiganja, "Mrombo, Mrombo, bado siti mbili!" Siti mbili zinapopatikana zinageuka kuwa nne. Anamwambia mama mwenye kikapu cha ndizi, "Yeyo, sogea kidogo, huyu dada naye akae." Mama anasogea. Nyuma yake kuna Hiace nyingine nne zinazosubiri zamu, nazo haziondoki hadi ya mbele ijae, na huko mbele vituoni, njiani, wapo watu waliokwisha kungoja muda mrefu ambao hawatapata nafasi kwa sababu gari litafika limejaa. Konda hana kosa. Hesabu ya jioni anayodaiwa na mwenye gari haimruhusu kuondoka na viti vitupu. Lakini mfumo ambao gari huondoka likijaa ni kinyume kabisa na mfumo wa Calgary, ambako treni huondoka saa yake ikifika, na ndiyo maana abiria wa kituo cha nane ana haki sawa na abiria wa kituo cha kwanza.

Treni moja ya Calgary ya mabehewa manne huchukua watu wapatao 800. Ukiwapakia watu hao kwenye Hiace, kila mtu akiwa amekaa kwenye siti yake, utahitaji magari kama 50. Nimewahi kusikia hesabu ya namna hii ikitumiwa kama hoja ya kuleta treni Arusha kesho asubuhi. Mimi naichukua upande mwingine: Hiace 50 zikipewa barabara isiyozibwa na magari yaliyoegeshwa zitafanya kazi kubwa kwa fedha kidogo, na barabara ya Sokoine, hasa kipande cha kutoka Kilombero kuelekea Mnara wa Saa, inapoteza sehemu kubwa ya upana wake kwa magari yanayoegeshwa pembeni kutwa nzima, huku vifodi na pikipiki vikibanana katika nafasi iliyobaki. Calgary iliipa treni 7 Avenue yote mwaka 1981. Kama hatuwezi kuwapa vifodi upande mmoja wa Sokoine, sioni kwa nini tuamini kwamba tutaweza kuipa treni.

Moshi nao wana hoja yao, na ni lazima niitendee haki. Mwezi uliopita nilimtembelea mzee mmoja wa Majengo, Moshi, aliyefanya kazi ya reli ujana wake wote, nikamwamkia na kumweleza habari za Calgary. Alinisikiliza kwa utulivu mkubwa, kisha akasema, "Mwanangu, sisi hatukuwa tukitazama saa ya ukutani. Treni ya Tanga ikipiga honi tulijua ni saa ngapi, na mama wa sokoni alipanga mizigo yake kwa honi ile. Siku honi ilipoacha kulia kwa wakati, mama akatafuta lori." Baada ya hapo akaniuliza kwa nini miji hii miwili isiunganishwe kwa treni hiyo nyepesi ninayoisifia.

Jibu langu kwake lilikuwa hili, nami nalishikilia. Kutoka Moshi hadi Arusha ni kilomita kama 80. Reli nyepesi imetengenezwa kwa ajili ya vituo vinavyokaribiana na abiria wanaoshuka baada ya dakika kumi au ishirini. Kwa kilomita 80 ni ghali, na mwendo wake hauwezi kumshinda dereva wa Coaster anayepita Boma Ng'ombe na Usa River bila kusimama sana. Kinachofaa kati ya miji yetu ni treni ya kawaida yenye ratiba ya kuaminika kwenye reli ambayo tayari ipo. Treni ya abiria kutoka Dar es Salaam ilirudi Moshi Desemba 2019 na Arusha Oktoba 2020, baada ya miaka mingi ya ukimya, na watu waliipokea kwa furaha ya kweli. Lakini hupita siku chache tu katika wiki, na imepangwa kwa ajili ya msafiri wa Dar es Salaam, wakati mwanafunzi wa Moshi anayesoma Arusha, au muuguzi wa Arusha anayefanya kazi hospitali ya KCMC, Moshi, anahitaji treni ya asubuhi na ya jioni kila siku ya kazi. Behewa chache zikipangwa hivyo, kwa saa zisizobadilika, zingetueleza mengi kuhusu mahitaji halisi ya abiria wa njia hii kuliko makadirio ya mezani. Dar es Salaam ilifanya jaribio la namna hiyo mwaka 2012 kwa treni ya mjini kati ya Ubungo na Stesheni, ikitumia reli ya zamani ileile, na abiria walijitokeza.

Mzee hakuridhika sana. Aliona kwamba ninaipendelea Arusha kwa kuipa mfumo wa ndani na kuiachia Moshi treni ya kizamani. Ukweli ni kwamba Moshi, yenye watu kama 220,000 kwa sensa ya 2022, ni mji ambao mtu anaweza kuuvuka kwa baiskeli kutoka Pasua hadi Kiborloni, na hiyo ni bahati ambayo Arusha imeshaipoteza. Arusha imetanuka hadi Muriet, Moshono na kuelekea Ngaramtoni na Usa River bila usafiri wa umma uliopangwa kuifuata, na barabara ya njia nne kutoka Sakina hadi Tengeru, ambayo ni nzuri na imeokoa muda wa wengi, ilijengwa bila njia maalumu ya mabasi. Upana ulikuwapo. Laiti nafasi ile ingetengwa siku ile, leo tungekuwa tunajadili aina ya gari la kupita humo.

Nafasi nyingine inakuja, nayo ni Olmoti. Uwanja wa mpira wa watu 30,000 unaojengwa huko kwa ajili ya AFCON 2027, mashindano tutakayoyaandaa pamoja na Kenya na Uganda, utahitaji kuondoa maelfu ya watu kwa saa moja au mbili baada ya kila mchezo. Edmonton ilikuwa na michezo yake mwaka 1978 na Calgary ikawa na yake mwaka 1988, na miji yote miwili ilitumia tarehe ya michezo kama mwisho wa ujenzi usioweza kusogezwa, kisha njia ile ikaendelea kubeba wafanyakazi na wanafunzi kwa miongo minne. Kwa Olmoti, muda wa kujenga reli haupo, wala si lazima. Kinachowezekana ni kutenga njia ya mabasi peke yake kutoka katikati ya mji hadi uwanjani, yenye vituo vya kudumu njiani na vivuko salama vya waenda kwa miguu, ili tusirudie uzio wa Addis Ababa.

Baada ya mchezo wa mwisho njia hiyo isifunguliwe kwa magari binafsi. Ibaki kwa vifodi na mabasi ya upande huo, yakiondoka kwa saa badala ya kujaa, na halmashauri iwalipe wenye magari kwa kilomita walizotembea, ili konda asilazimike kungoja siti mbili za mwisho. Kisha waandikwe vijana wa kuhesabu abiria kituo kwa kituo, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa tatu, mwaka mzima, mvua na kiangazi, na hesabu hizo zibandikwe mahali ambapo kila mkazi anaweza kuzisoma. Hesabu zikionyesha kwamba watu wanaopita upande mmoja kwa saa moja wamefika maelfu kadhaa na mabasi yameanza kukanyagana kwa wingi, tuwaite wahandisi wa reli, na swali la kwanza kuulizwa liwe ni barabara gani ya katikati ya Arusha tutawapa bila kuwachimbisha handaki.